Dhahabu ya Bi Harusi Gesti: Kabla Hujamnyooshea Mtu Kidole



Mimi ni fundi wa nguo za harusi. Nashona, nakodisha magauni, na mara nyingi nasafiri na bi harusi mpaka huko anakokwenda kuolewa ili nimvalishe kwa mkono wangu. Kwa kazi hii nimelala gesti nyingi, za Bara na za hapa kwetu. Na kila nikimaliza kumpima bi harusi gauni lake, swali lake la mwisho huwa halihusu gauni. Huniuliza, "Dada, nikifika huko dhahabu zangu niziweke wapi?"

Zamani nilikuwa na jibu jepesi. Nilikuwa nasema: weka chini kabisa ya begi, piga kufuli, mtegemee Mola wako. Siku hizi jibu langu ni refu, na leo nataka kulieleza lote, kwa sababu limetokana na kosa langu mwenyewe. Kila mtu anatufundisha tujilinde na mwizi. Mimi nasema kuna mtu mwengine wa kulindwa, naye ni yule msichana anayetuletea ndoo ya maji ya kuoga. Usipoilinda mali yako vizuri, siku isipoonekana ni yeye atakayebeba lawama, awe amechukua au hajachukua.

Yaliyotokea Ruangwa

Miaka mitano nyuma, mwezi wa Novemba, tulimpeleka bi harusi kutoka Unguja kwenda Ruangwa, mkoa wa Lindi. Anayeijua kusini anajua mwezi huo ukoje. Kuanzia Oktoba korosho zinauzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi na chama kikuu cha RUNALI, ambacho kinahudumia wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Pesa zikianza kuingia benki, na harusi zinaanza kufuatana. Gesti zinajaa wanunuzi, madereva na wageni wa harusi. Ikiangukia siku Namungo wanacheza nyumbani na Simba au Yanga pale Uwanja wa Majaliwa, chumba utakisikia kwa wenzio tu.

Tulikuwa watano: bi harusi, mama yake mdogo, somo wake ambaye ni bibi mtu mzima wa miaka sabini na kitu, kaka yangu aliyetusindikiza, na mimi. Tulivuka na boti mpaka Dar, tukapanda basi Mbagala, tukapita Daraja la Mkapa pale Rufiji, tukaikata Kilwa yote mpaka Lindi, kisha Mingoyo, Nanganga, na kuingia Ruangwa usiku. Miguu imevimba, kichwa kinauma. Tulipata vyumba viwili. Kaka yangu akachukua kimoja, sisi wanawake wanne tukabanana kwenye cha pili.

Dhahabu tuliyobeba ilikuwa kidani, jozi ya herini, bangili sita na pete mbili. Kidani na herini vya bibi yake mzaa mama. Bangili mbili kati ya zile sita zilikuwa za kuazima kwa shangazi yake. Nyinyi wenyewe mnajua mambo yetu: bi harusi mmoja hutoka na dhahabu ya nyumba tatu.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa inabebwa. Kwenye boti alishika mama mdogo. Kwenye basi nikashika mimi, kwa sababu mkoba wangu una zipu ya ndani. Usiku ikarudi kwenye pochi ya mama mdogo, chini ya mto. Hakuna aliyehesabu wakati wa kupokezana. Hakuna aliyeandika. Ungetuuliza saa ile nani anawajibika na vitu vile, kila mmoja angemtaja mwenzake.

Usiku wa manane somo aliamka kuswali. Akaona dirisha letu limeelekea kichochoroni na wavu wake umechanika. Akaiogopea ile pochi. Akatoa dhahabu, akaitia ndani ya soksi, na ile soksi akaifukia kwenye kikapu cha udi, chini ya chetezo. Alinuia kutuambia asubuhi. Lakini baada ya Alfajiri walikuja jamaa wa bwana harusi kumchukua akasimamie mapishi, na sisi tulikuwa tumerudi kulala. Akaondoka.

Saa mbili asubuhi mama mdogo akafungua pochi. Tupu.

Aliyekuwa ameingia chumbani ni mhudumu mmoja tu, msichana wa miaka kama kumi na tisa, aliyeleta maji ya moto na kufagia. Nilitoka ukumbini nikamnyooshea kidole mbele ya watu. Nilisema, "Ni huyu. Hajaingia mwengine." Mtu mmoja aliyesimama pale akaongeza, "Kwanza hata si mwenzetu wa dini." Msichana alikuwa Mkristo. Hakuna kati yetu aliyemkemea yule aliyesema.

Mwenye gesti aliogopa biashara yake kuharibika. Akampekua chumba, godoro, mpaka nguo zake za ndani zikamwagwa chini. Kisha wakaitwa polisi. Msichana akakaa kituoni mpaka alasiri. Alikuwa anarudia neno moja tu: "Dada, mimi nilileta maji tu."

Somo hakuwa na simu, na katika ghasia ile hakuna aliyefikiri kumtuma mtu akamuulize. Tulimshtaki mtoto wa watu kabla hatujamuuliza mtu wa chumbani kwetu.

Baada ya Alasiri somo akarudi kumfukiza bi harusi. Akaomba kikapu chake, akanyanyua chetezo, akatoa soksi, akasema, "Haya, mvalisheni mwanangu." Hakuwa na habari ya lolote. Mimi nilikaa chini pale pale.

Mimi na kaka yangu tulikimbilia kituoni kueleza, na msichana akaachiwa. Lakini mwenye gesti alikuwa ameshamfukuza kazi. Tulimsihi, akasema wageni watasema, hawezi kumrudisha. Tukachanga pesa tukaenda mpaka nyumbani kwao. Mama yake alitukaribisha, akatupa maji ya kunywa, akasikiliza mpaka mwisho. Bahasha hakuigusa. Alisema, "Pesa mngempa kama angewauzia kitu. Jina lake mtalirudisha na nini?"

Harusi ilikuwa nzuri, alhamdulillah. Picha zipo. Watu wakiziona wanasifu mshono wa gauni, na mimi nikiziona namkumbuka yule msichana.

Dini yetu imeshalisema hili

Niliporudi nyumbani nilimweleza ustadhi wetu wa darsa. Hakunifokea. Aliniambia nikasome Suratun Nisaa, kuanzia aya ya 105 mpaka 112, pamoja na tafsiri yake.

Wafasiri wengi wanasimulia kwamba aya zile ziliteremka kwa sababu ya wizi. Pale Madina mtu mmoja aliyejiita Muislamu aliiba deraya, lile vazi la chuma la vita. Alipoona atajulikana, akaipeleka nyumbani kwa Yahudi mmoja ili aonekane yeye ndiye mwizi. Jamaa za mwizi wakaja kwa Mtume (S.A.W.) kumtetea mtu wao, na mambo yakataka kumgeukia yule Yahudi ambaye hakufanya lolote. Ndipo wahyi ukashuka kumsafisha asiye na hatia, na kuonya kwamba anayemtupia mwengine kosa ambalo hakulifanya amebeba uzushi na dhambi iliyo wazi.

Tuzingatie, dada zangu. Aliyesafishwa na Qur'ani hakuwa mwenzao wa dini, na waliokuwa wanamtetea mwizi walimtetea kwa kuwa ni wao. Kwenye ule ukumbi wa gesti mimi na wenzangu tulisimama upande wa wale jamaa. Na Suratul Hujurat, aya ya 12, inatuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Haikusema dhana juu ya Muislamu tajiri tu. Mhudumu wa gesti naye yumo.

Kwa hiyo nikisema tuweke mali zetu vizuri, sisemi kwa ajili ya dhahabu peke yake. Mali iliyowekwa ovyo inazaa dhana, na dhana inazaa uzushi. Ukifunga ule mlango wa mwanzo, umefunga yote.

"Kuandikiana ni kutoaminiana"

Nikiwaambia watu waandike vitu vyao kwenye karatasi kabla ya safari, jibu ninalopewa ni hilo. Bi harusi anaona haya kumhesabia mama yake mdogo bangili. Mgeni anaona haya kumwambia mtu wa mapokezi, "Niandikie hapa kwamba nimekuachia kitu." Tunaogopa tutaonekana tunawatuhumu watu.

Mimi naona kinyume chake. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Na aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Waliofundishwa hivyo walikuwa Masahaba, watu waaminifu kuliko sisi. Kama wao hawakuona vibaya kuandikiana, mimi na wewe tuna haya gani?

Wengine wananiambia, "Muachie Mungu." Nami nasema, hadithi ya ngamia tunaijua wote. Bedui alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amuache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu, akaelekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kufunga ni kazi yetu.

Somo la kuandikiana nililipata vizuri Nachingwea, miaka miwili baada ya Ruangwa. Nilipelekwa huko na kazi nyengine ya harusi. Ni mji wa wilaya uliokua na ule mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947, na mpaka leo una nyumba za wageni za kizamani zenye vyumba vikubwa. Nilifikia kwa bibi mmoja mwenye gesti yake ndogo. Mlangoni kumebandikwa tangazo lile lile la gesti zote: mali ya thamani ikabidhiwe mapokezi, isiyokabidhiwa uongozi hauhusiki. Tangazo hilo nimelala nalo chumbani mara ngapi maishani bila kulisoma!

Nilipomaliza kujaza kitabu cha wageni, yule bibi akaniuliza, "Mwanangu, una kitu cha thamani? Kama unacho, tuandikiane. Kama huna, usije kesho ukaniambia ulikuwa nacho."

Nilicheka. Kisha nikaona maneno yale yana haki kwa pande zote mbili. Akatoa daftari la shule. Tukahesabu kimoja kimoja mbele ya mjukuu wake: kidani kimoja, bangili nne, herini jozi moja. Nikavitia kwenye mfuko wa kitambaa niliokuja nao. Kwa kuwa mimi ni fundi, nikatoa sindano na uzi mwekundu nikaushona mdomo wa ule mfuko kwa mshono wangu, ili ukifunguliwa nijue. Yeye hakukasirika. Alisema, "Hivyo ndivyo. Sasa na mimi nitalala." Tukatia saini sote watatu, akaufungia kwenye kabati la chuma. Asubuhi nilikuta mshono wangu kama nilivyouacha, tukahesabu tena, tukatia saini tena. Msichana wake wa kazi aliingia chumbani kwangu akafagia akatoka, na sikuwa na la kumdhania.

Nilimkumbuka Mtume (S.A.W.). Watu wa Makka walimpinga, lakini amana zao walikuwa wanaziweka kwake. Usiku wa Hijra, huku wanamtafuta wamuue, alimuacha Sayyidna Ali nyuma ili kila mwenye amana arudishiwe chake. Amana inayojulikana ni ya nani na ni kiasi gani ndiyo inayorudishika.

Kabla hujatoka nyumbani

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Haya ndiyo ninayowaambia maharusi wangu siku hizi.

Kwanza, punguza. Jiulize ni kipi utakivaa kweli na siku gani. Bi harusi anavaa seti moja siku ya nikaha na labda nyengine siku ya kutolewa nje. Nyengine zote zibaki kwa wazazi. Njiani usivae dhahabu ya kweli hata kidogo, vaa za kuchovya. Na ya kuazima isivuke bahari kama si lazima, maana ikipotea utakuwa umeharibu dhahabu na undugu.

Pili, jua thamani ya ulichobeba. Mwaka 2025 bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 4,000 kwa aunsi moja, na aunsi hiyo ni kama gramu 31. Seti ya gramu 40 ya karati 22 ina dhahabu safi ya karibu gramu 37, yaani zaidi ya dola 4,700 kwa bei hiyo. Wapo wanaozitia fedha kama hizo kwenye mfuko wa plastiki chini ya mto! Nenda kwa sonara akupimie, akuandikie gramu na karati kwenye risiti, kisha piga picha kila kipande pamoja na hiyo risiti. Picha ziwe kwenye simu yako na kwenye simu ya mtu aliyebaki nyumbani.

Tatu, mshika mali awe mmoja. Mchagueni mbele ya wote, na wote wajue ni nani. Akitaka kumpa mwengine ashike, hata kwa dakika kumi za kwenda kuoga, vihesabiwe na ijulikane. Hata somo, hata mama mzazi, asihamishe kitu bila kumwambia mshika mali. Sisi Ruangwa tulikuwa na watu watatu waliokuwa wanalinda, na kulinda kwa kila mmoja ndiko kulikotuangamiza.

Nne, jishonee mfuko wa ndani. Si kazi ngumu. Kata kitambaa cha pamba kilichoshikana, vipande viwili vya inchi 5 kwa 7. Tia zipu juu, shona pembeni mara mbili, kisha upachike upande wa ndani wa shimizi au gagulo, usawa wa kiuno mbele, si nyuma. Juu yake kuna gauni na buibui, hakuna atakayejua. Huu ni wa njiani. Hatari yake ni wakati wa kuoga na kutia udhu: ukilivua gagulo, liingie nalo bafuni, usiliache kitandani.

Tano, pesa taslimu chukua ya njiani tu. Nyengine iache kwenye simu, iwe M-Pesa au Airtel Money. Mawakala wapo Ruangwa na Nachingwea kama walivyo Darajani. Namba ya siri usimtajie mtu, na usiiandike nyuma ya kava la simu kama ninavyowaona baadhi yenu.

Ukishaingia chumbani

Kabla hujaweka begi chini, kagua. Kitasa kinafunga? Komeo la ndani lipo? Kama mlango unafungwa kwa kufuli la nje, tia kufuli lako mwenyewe, uliloliweka mkobani tangu nyumbani, maana la gesti hujui funguo zake ziko kwa nani.

Dirisha ndilo linalosahauliwa. Nondo zinazuia mtu kuingia, lakini hazizuii mti. Wezi wanavua: wanapitisha fimbo ndefu yenye ndoano baina ya nondo, wanavuta mkoba na nguo huku umelala. Kwa hiyo begi lisikae karibu na dirisha, mkoba usitundikwe kwenye msumari unaoonekana kutoka nje, na simu isichajiwe kwenye kizingiti cha dirisha. Kama wavu umechanika, omba chumba chengine. Omba kwa upole, lakini omba.

Mazungumzo nayo yafungwe. Usisimame mapokezi ukasema kwa sauti, "Tumekuja na bi harusi." Usifungue seti yako mlango ukiwa wazi ili jirani aione. Na picha za dhahabu usizirushe mtandaoni usiku ule ule ukiwa bado pale pale. Subiri urudi nyumbani.

Kama gesti ina mahali pa kuhifadhi mali na mtu wa kuaminika, kabidhi kwa kuandikiana kama nilivyoeleza. Kama haina, au moyo haukuridhia, mshika mali ashinde nayo mwilini na alale nayo mwilini.

Na mhudumu mwambie mapema: "Mdogo wangu, usafi utafanya nikiwepo. Nikitoka, usiingie." Mwambie kwa heshima, na ukiweza mpe chochote cha soda. Hapo umemkinga. Mkitoka nje, mlango ukafungwa, na yeye hakuingia, hakuna atakayemtaja.

Na wale wa fungate

Wengine fungate lao ni hapa hapa kisiwani, Nungwi, Paje au Kiwengwa, kwenye hoteli zenye sefu ndani ya kabati. Msilewe na ile sefu. Kwanza itikise: kama haikufungwa kwa skrubu ukutani au kwenye kabati, mtu anaweza kuibeba nzima. Pili, ijaribu mlango wake ukiwa wazi kabla hujatia kitu, maana betri nazo hufa. Tatu, namba yako isiwe 1234 wala mwaka uliozaliwa. Nne, mjue kwamba hoteli kwa kawaida ina namba au ufunguo wake wa kuifungulia, kwa sababu wageni husahau namba kila siku. Uliza mapokezi nani anayo na kama ufunguaji unaandikwa. Si ufidhuli kuuliza.

Na bado karatasi yako ya orodha iwepo. Mume wako aione, atie saini. Ndoa inaanza na mikataba mikubwa kuliko huo.

Kitu kisipoonekana

Hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize zaidi.

Fungeni mlango, mkae chini, watu wote wa chumba. Asiyekuwepo, hata kama yuko jikoni kwa watu, afuatwe aulizwe kabla ya lolote. Mwageni kila kitu: mabegi, vikapu, soksi, unga, nguo chafu, mifuko ya watoto. Fanyeni mara mbili, mara ya pili kila mmoja apekue mzigo wa mwenzake. Sisi tungefanya hivi tungemaliza kwa nusu saa.

Mkikosa, mwiteni mwenye gesti au msimamizi, msimwite mhudumu. Semeni "kitu hakionekani", msiseme "tumeibiwa", mpaka mjue. Msimpekue mtu kwa mikono yenu, na mwenye gesti akitaka kumpekua mfanyakazi wake mbele ya watu, mzuieni. Kama ni lazima, nendeni polisi na orodha yenu, risiti na picha, mchukue RB. Polisi wakiwauliza mnamshuku nani, semeni mlichokiona kwa macho. "Aliingia saa moja na nusu kuleta maji" ni maelezo. "Ni yeye" ni shahada, na shahada utaulizwa.

Na wenye gesti wanaosoma haya, nao nina neno lao. Wekeni daftari la amana na kabati linalofungika. Andikeni nani ameshika funguo za akiba. Msimfukuze mfanyakazi kwa kelele za mgeni. Mgeni ataondoka kesho, na yule binti ataishi mtaa ule ule na jina mlilompa.

Yule msichana nimemtafuta. Safari ya Nachingwea nilipitia Ruangwa makusudi, nikamkuta kwao. Nilimwomba msamaha, safari hii bila bahasha. Alisema amenisamehe. Kisha akaniambia kwamba kazi ya gesti hapati tena mjini pale, kwa sababu wengi wanaikumbuka siku ya polisi na hakuna anayeikumbuka soksi. Nilimwomba tuongozane mpaka pale gesti, nikasema mbele ya mwenyewe na wafanyakazi wake kwamba mimi ndiye niliyekosea. Nilichelewa miaka miwili kulisema. Sijui kama limemsaidia, lakini ilikuwa deni.

Bi harusi wangu, gauni nitakushonea likukae kama ngozi, inshaallah. Dhahabu yako andika, hesabu, mpe mtu mmoja. Na ikitokea usiione, anza kutafuta kwenye vikapu vyenu wenyewe.

Wabillahi tawfiq.